Nailoni, utando wa breki, utando janja au OSB: uweke kipi nyuma ya jipsamu kabla paa halijaanza kutoa jasho

Januari moja kaka mmoja wa Mombasa anayekaa huku kaskazini mwa Ujerumani alinipigia saa mbili usiku akasema, fundi, paa lavuja. Nikamuuliza mvua imenyesha lini huko kwenu, akanyamaza kidogo, akasema hata haijanyesha, wiki nzima ni baridi kavu tu, nje nyuzi 8 chini ya sifuri. Sasa paa livujishe nini? Kesho yake nikaenda. Chumba chenyewe ni kile cha juu chini ya paa, amekitengeneza kwa mkono wake, na kwa kweli ni kizuri, jipsamu nyeupe, taa sita za kuzama kwenye dari, ila kwenye taa mbili kuna tone la maji linaning'inia, linadondoka, linakuja jingine. Tukabandua ubao mmoja. Nailoni ilikuwepo, tena ile nzito, lakini kila penye taa ilikuwa imekatwa tundu la mviringo, na pale vipande viwili vilipokutana aliunga kwa tepu ya kahawia ya kufungia maboksi, ambayo ilishabanduka zamani inaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyetoka mbio. Pamba ya kioo nyuma yake ilikuwa ya njano kote isipokuwa pale kwenye mwanya, pale ni doa jeusi la vumbi, manake hewa imepita hapo miezi na miezi ikichujwa. Nikashika konzi moja nikakamua, maji yakatoka.

Kaka akaniuliza, sasa kama ningeweka ule utando wa bei, ule wanaouita janja, haya yangenikuta?

Yangemkuta vilevile, nitaeleza kwa nini. Ila swali lake ni la watu wengi, hasa nyie mlionunua nyumba za zamani huku kwenye baridi, Ujerumani, Sweden, Canada, Minnesota, mnataka kujaza insulesheni kwenye paa au ukuta wa mbao na kuweka mbele yake utando wa kuzuia mvuke wa chumbani usiingie humo, na dukani unakuta aina nne tofauti na kila muuzaji anasifia yake. Kwa hiyo tuzilinganishe.

Kwanza maji yanatoka wapi

Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji pale Tanga mwezi wa pili, dakika mbili imelowa nje. Soda haijavuja, ni mvuke wa hewani umekutana na kitu cha baridi ukageuka maji. Nyumba ya huku wakati wa baridi ni chupa hiyohiyo iliyogeuzwa ndani nje. Hewa ya chumba yenye nyuzi 20 na unyevu asilimia 50 imebeba kama gramu 8.6 za maji kwenye kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri, hata ikishiba kabisa, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 2.4 hivi. Basi ile hewa ya chumbani ikijipenyeza kwenye insulesheni kuelekea nje, ikifika mahali penye nyuzi 9 inaanza kutoa jasho, na kinachozidi kinabaki humo kwenye pamba na mbao. Na familia ya watu wanne inatoa mvuke wa karibu lita 10 kwa siku kwa kupumua, kuoga, kupika na kuanika nguo ndani, na sisi wapika maharage masaa mawili bila mfuniko hatuko nyuma kwenye hili.

Watu huniambia mbona nyumba ilikaa miaka 80 bila utando wowote na mbao nzima. Ni kweli, kwa sababu haikuwa na insulesheni! Joto lilikuwa linapotea hadi kwenye vigae na upepo unapita darini, mbao zinakauka kila siku. Ukishajaza sentimita 20 za pamba, upande wa nje wa paa unabaki baridi kabisa na hakuna tena joto la kuukausha. Yaani insulesheni ndiyo inayoleta hitaji la utando.

Vigezo

Mi huwa naangalia mambo manne. Moja, utando unazuia mvuke kiasi gani wakati wa baridi. Pili, maji yakishaingia, maana yataingia tu siku moja, kigae kitapasuka au mbao zilikuja mbichi, yatapata njia ya kutokea ndani? Tatu, unavumilia mkono wa fundi wa kiasi gani. Nne, mfuko wako.

Hicho kigezo cha kwanza Ulaya wanakipima kwa namba inayoandikwa sd kwenye roli, halafu mita. Ukiona sd mita 5, maana yake utando huo mwembamba unamsumbua mvuke sawasawa na safu ya hewa tuli ya unene wa mita 5. Namba kubwa, kizuizi kikubwa. Kwa Wajerumani, chini ya nusu mita ni kitu kilicho wazi, nusu mpaka 10 ni breki, juu ya hapo ni kizuizi, na kuanzia 1500 ndipo wanasema hakipitishi kabisa. Marekani wanapima kinyume, kwa pemu, namba ndogo ndiyo inayozuia zaidi, daraja la kwanza ni pemu 0.1 kushuka chini, la pili 0.1 mpaka 1, la tatu 1 mpaka 10. Usichanganye, nimeona mtu ameagiza mtandaoni kwa kudhani namba ndogo ni dhaifu.

Na kabla hujagusa roli yoyote, panda juu uangalie upande wa nje wa paa lako kuna nini chini ya vigae. Kama ni utando wa kisasa unaopumua, wenye sd ya sentimita chache, mvuke una mlango wa nje. Kama ni karatasi ya lami iliyopigiliwa juu ya mbao, kama nyumba nyingi za zamani, au ni paa bapa lililofunikwa lami, mlango huo umefungwa. Karibu uamuzi wote unatokana na hapa.

Nailoni

Hii ni ile karatasi ya plastiki ya polyethilini, ndugu yake ile ya DPM tunayotandaza chini ya sakafu kule nyumbani. Kwa kuzuia haina mchezo, ya milimita 0.15 ina sd ya mita 50 na ya milimita 0.25 inafika 100. Canada hiyo ya 0.15 ndiyo desturi kwenye nyumba za mbao, na Minnesota ambayo iko kwenye kanda za 6 na 7 za hali ya hewa kwa hesabu ya Wamarekani, kuta za mbao zinatakiwa ziwe na kizuizi cha daraja la kwanza au la pili upande wa ndani, kwa hiyo na yenyewe inapita.

Kukausha sasa ndipo ilipo taabu. Kinachozuia kuingia kinazuia na kutoka. Kama nje kuna lami na ndani umeweka nailoni, hizo boriti umezitia kwenye mfuko wa rambo, na ukifunga mfuko zikiwa na unyevu, au maji yakapita kidogo tu pembeni ya bomba la moshi, zitakaa nayo miaka. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, kiangazi mambo yanageuka, jua linachoma paa mpaka mbao za juu zinapata moto, unyevu uliokuwa umejificha humo unasukumwa kuja ndani, unaikuta nailoni, unatoa jasho upande wa nyuma. Kwenye nyumba yenye kiyoyozi ndiyo zaidi.

Mkono wa fundi, hapa hairuhusu makosa hata kidogo, kwa sababu tundu likiwepo linaingiza na pengine pote hakutoki. Kwa mfuko ndiyo nafuu kuliko zote, hamna ubishi.

Inamfaa nani? Mtu wa nchi yenye baridi refu, mbao kavu, nje kunapumua vizuri au kuna nafasi ya upepo chini ya vigae, na hana kiyoyozi cha nguvu kiangazi. Hapo nailoni iliyofungwa kwa adabu inafanya kazi miaka mingi na siwezi kumcheka aliyeiweka. Kwenye sauna au bwawa la ndani hata haitoshi, wanaweka karatasi yenye aluminiamu.

Utando wa breki wa kawaida

Huu ndio ule ambao roli imeandikwa Dampfbremse, yaani breki ya mvuke kwa Kijerumani, na sd yake haibadiliki, mara nyingi mita 2 mpaka 5, mwingine ni karatasi ngumu ya kahawia iliyotiwa nguvu kwa nyuzi. Marekani ndugu yake ni ile karatasi ya krafti iliyobandikwa tayari kwenye pamba, daraja la pili, na hiyo krafti ina tabia nzuri kwamba ikilowa inafunguka kidogo.

Wazo lake ni la kiungwana, usizibe kabisa, punguza tu, kiasi kidogo kinachopita kiishie nje. Kwa hiyo lazima nje kuwe wazi. Ukiwa na utando wa nje wenye sd ya sentimita 2 na breki ya mita 2 ndani, mvuke unatoka kwa urahisi mara 100 kuliko unavyoingia, na kiangazi kiasi fulani kinaweza kurudi ndani pia. Ukiuweka chini ya paa la lami umeukosea, wakati wa baridi unaingiza mvuke ambao hauna pa kwenda.

Kwa makosa ya fundi unavumilia kuliko nailoni ila si sana. Bei iko katikati, na ile ya karatasi inapasuka ukiivuta kwa hasira, hasa pembeni penye pini za stepla. Unamfaa mtu aliyebadilisha paa lote hivi karibuni akaweka utando wa kisasa nje. Kama ni wewe, sioni sababu ya kulazimisha kitu cha ghali zaidi.

Utando janja

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu umezungukwa na maneno mengi ya biashara.

Kwanza kichekesho. Ile plastiki tunayoiita nailoni sokoni si nailoni, ni polyethilini. Nailoni yenyewe, ile ya kemia, ni poliamidi, na utando janja wa mwanzo ulitengenezwa kwa poliamidi, filamu nyembamba ya maikroni 50 hivi, matokeo ya kazi ya Hartwig Künzel na wenzake kwenye taasisi ya Fraunhofer ya fizikia ya majengo kule Holzkirchen, Bavaria, miaka ya 1990. Kwa hiyo ukimwambia mtu "usiweke nailoni, weka nailoni" hujakosea.

Ujanja wake uko hivi. Poliamidi inapenda maji. Hewa inayouzunguka ikiwa kavu, utando umejibana, mvuke unapita kwa shida. Unyevu ukipanda, chembe za maji zinajichomeka kati ya minyororo ya plastiki, zinaisukuma, njia zinafunguka. Ule wa mwanzo ulikuwa unacheza kati ya sd mita 5 ukiwa mkavu na mita 0.2 ukiwa na unyevu, zilizokuja baadaye za vifaa vingine zinafika 25 kwa upande wa kujifunga na kushuka 0.25 kwa upande wa kujifungua. Wakati wa baridi hewa ya ndani ni kavu, unafunga. Kiangazi jua likisukuma unyevu kutoka kwenye mbao kuja ndani, nyuma ya utando panakuwa na unyevu mwingi, unafungua, paa linakaukia chumbani. Hauhitaji betri wala waya, ni tabia ya kitu chenyewe.

Sasa madhaifu yake. Haujui tofauti ya kiangazi na plasta mbichi! Ukiwa umepaka plasta au kumwaga sakafu mwezi wa 11, nyumba imefungwa, madirisha yanatiririka, utando unaona unyevu, unafunguka, na unaruhusu mvuke uende kwenye paa la baridi wakati ule usiotakiwa kabisa. Kwa hiyo kazi za maji zimalizike kwanza, nyumba ikaushwe, upepo upitishwe. La pili, kukauka kuja ndani kunategemea jua kupasha paa. Paa bapa lenye kivuli cha mti, au lenye kokoto, majani au paneli za sola juu yake halipati moto wa kutosha, na hapo usifunge mpaka mhandisi amepiga hesabu, wanazo programu za kazi hiyo. La tatu, mvuke ukishapita kwenye utando lazima upite na kwenye ukuta wako, ukipiga wolpepa ya vinaili au rangi nzito ya mafuta juu ya jipsamu umefunga mlango ambao umeulipia pesa nyingi ufunguke.

Bei ni mara kadhaa ya nailoni, na tepu zake nazo si za buku. Makosa ya fundi unayavumilia kuliko zote nne kwa maana kwamba kilichoingia kina njia ya kutoka, lakini hauvumilii mashimo, hapana, ndiyo maana nilimwambia yule kaka yangemkuta vilevile.

Unamfaa zaidi mwenye nyumba ya zamani yenye lami nje asiyetaka kubandua paa, mwenye paa bapa la mbao linalopigwa jua, na mtu ambaye historia ya mbao zake haijui vizuri.

Mbao za OSB

Zile mbao za vipande vilivyogandamizwa. Ubao wa milimita 15 unakuwa na sd ya takriban mita 2 mpaka 4 kutegemea kiwanda, na ukipata unyevu unafunguka zaidi, kwa hiyo nao una ujanja kidogo wa asili. Unaunga maungio yote kwa tepu na hapo una kizuizi, una ukuta mgumu, unapigilia shelfu popote, paka hawezi kutoboa. Wanaopuliza insulesheni ya selulosi, ile ya magazeti ya zamani yaliyosagwa, wanaipenda sana kwa sababu haitokezi tumbo mbele.

Ubaya wake ni kwenye nyumba kongwe, boriti zimepinda, kila ubao unakatwa kwa kipimo chake, kona zinabaki na nyufa, na kuna OSB nyingine zenyewe zinapitisha hewa kidogo katikati ya ubao. Nzito pia kubeba ngazi tatu. Kwa nyumba mpya ya fremu iliyonyooka ni safi sana, na pesa inalingana kwa sababu ubao ungeuhitaji hata hivyo. Nje kuwe wazi, sheria ileile ya breki.

Povu la kunyunyizia nimeliacha makusudi, hilo si utando na linataka mjadala wake.

Mwanya wa milimita moja

Nikirudi kwa kaka wa Mombasa. Kuna kipimo cha Fraunhofer kilichochapishwa 1989 ambacho wauza tepu wanakipenda mno lakini ni cha kweli. Mita moja ya mraba ya insulesheni ya sentimita 14, ndani nyuzi 20, nje 10 chini ya sifuri, utando mzima wa sd 30, zikapita gramu 0.5 za maji kwa siku. Wakauchana mwanya wa milimita moja kwa urefu wa mita moja, kukawa na tofauti ya presha ya paskali 20, zikapita gramu 800. Hewa inayosafiri inabeba maji kuliko mvuke unaopenya, si kwa kidogo. Nyumba yako haitakuwa na upepo wa paskali 20 siku zote, sawa, ila hata ukigawa kwa kumi picha haibadiliki. Kuhangaika sd ni 5 au 25 wakati taa sita zimetoboa utando ni kama kuchagua kufuli la bei na mlango hauna bawaba.

Kwa hiyo vyovyote utakavyochagua, vipande vilaliane sentimita 10, tepu iwe ya kazi hiyo, ya gundi ya akriliki, na ipigwe kwa kusuguliwa na kiganja kwa nguvu, juu ya kitu kisicho na vumbi. Penye ukuta wa matofali tepu haishiki, unapaka mstari wa gundi wa kwenye mrija, unaacha utando ulegee kidogo halafu unaubandika juu ya mstari bila kuukandamiza mpaka ubapae, maana mbao zinacheza na gundi inatakiwa icheze nazo. Bomba na waya zinavishwa kola za mpira. Na kama una sentimita 4 mpaka 6 za kupoteza, pigilia papi, vile vipande vyembamba vya mbao, juu ya utando, waya na soketi zote zipite humo mbele, jipsamu ije juu yake, utando haumjui fundi umeme kabisa. Nafasi hiyo unaweza hata kuijaza pamba, ila hiyo ya mbele isizidi kama asilimia 20 ya insulesheni yote, la sivyo utando unaingia kwenye ubaridi.

Halafu kabla ya jipsamu, lipia kipimo cha feni ya mlangoni. Wanafunga feni kubwa kwenye mlango, wanavuta hewa mpaka tofauti ya paskali 50, na wewe unazunguka na kiganja kilicholowa unasikia baridi inapopita. Ujerumani hewa ya nyumba isibadilike zaidi ya mara 3 kwa saa kwenye presha hiyo, mara 1.5 kama una mashine ya kubadilisha hewa. Utando ukiwa wazi unaziba kwa dakika tano, ukishapiga rangi unabomoa.

Mlioko pwani, msiige

Hili limenisukuma kuandika kama la kwanza. Mtu anatoka huku, anajenga Mombasa, Dar au Muscat, anaweka pamba chini ya bati, kiyoyozi cha nyuzi 22, na nailoni upande wa ndani kama alivyoona Canada. Hewa ya nje ya nyuzi 30 na unyevu asilimia 80 inaanza kutoa jasho ikikuta kitu cha nyuzi 26. Nyuma ya jipsamu yako pana 23. Mvuke unakuja kutoka nje, unapita pamba, unaigonga nailoni ya baridi, fangasi zinaanza upande usiouona. Mahoteli mengi ya kusini mwa Marekani yalishayaona haya kwa wolpepa ya vinaili tu, unabandua karatasi nyuma yake pinki na nyeusi.

Kizuizi kinakaa upande wa joto. Huku ni ndani, pwani penye kiyoyozi ni nje, na ndani unaacha pakauke. Koldrumu ya samaki ndiyo mfano mkali kabisa, maungio ya paneli yanazibwa upande wa nje, ukikosea barafu inajijenga ndani ya insulesheni yenyewe. Na kama pwani huna kiyoyozi, madirisha wazi, feni inazunguka, huna haja ya utando wa mvuke, weka ile karatasi inayorudisha joto chini ya bati kwa ajili ya jua na uendelee na maisha.

Sasa wewe ni yupi

Umebadilisha paa, nje kuna utando unaopumua, bajeti ya kawaida: breki ya mita 2 mpaka 5, au OSB kama unataka ukuta mgumu na nyumba imenyooka. Bajeti imebana kabisa, baridi ni refu, nje kunapumua, mbao umezipima kavu: nailoni, ila usibane pesa ya tepu.

Nyumba kongwe, lami nje, hutaki kugusa vigae: janja, na wolpepa ya vinaili usahau. Paa bapa: janja kama linapigwa jua, kama lina kivuli au sola mwite mhandisi kabla hujanunua hata roli moja. Uko Minnesota au Canada na kiangazi unawasha kiyoyozi kutwa: mi ningeegemea janja au krafti, lakini muulize kwanza mkaguzi wa manispaa yenu, kuna sehemu bado wanataka waone nailoni. Umepanga, huna ruhusa ya kubomoa: nunua kipima unyevu cha mezani, kikae kati ya asilimia 40 na 60, fungua madirisha mawili yanayoelekeana dakika tano asubuhi na jioni, na maharage yafunikwe.

Mbao zikiwa zimeshalowa usifunge kitu chochote. Zipimwe, zikishuka chini ya asilimia 20 ndipo uendelee.

Yule kaka tulimtolea pamba yote, akaacha boriti wazi na feni inavuma wiki sita. Juu yake kulikuwa na karatasi ya lami ya zamani, kwa hiyo akaweka janja, tepu za kweli, papi za sentimita 5 mbele, na Januari iliyofuata dari ilikuwa kavu. Zile taa sita za kuzama alizitoa zote akaning'iniza moja katikati. Shemeji mpaka leo hajaipenda.